Jalada la Arobaini na Moja

Masjala yetu ina dirisha moja, linatazama reli,
na treni ya Mpanda ikipita mihuri hutikisika mezani.
Hapo ndipo nilipomjua Mihayo Lubasha,
mwaka nilioajiriwa, ndevu zangu bado za kuhesabika.
Alikuja na karatasi mbili ndani ya mfuko wa sukari,
akavua kofia: "Mwanangu, nadai hatua mbili."

Hatua mbili za ardhi, kule Isevya,
kati ya ukuta wake na mbaazi za Sikujua Kapalata.
Mpima akaja na kamba, hakimu akaja na mabuti ya mvua,
ikaonekana ni hatua moja na nusu,
na zote ni za Sikujua.

Kesi ikafa. Mihayo hakuizika.

Alimshtaki mpima, kwamba kamba yake ilikuwa imelowa.
Akamshtaki mwenyekiti wa mtaa kwa kushika ncha ya kamba.
Akaomba mapitio, akaomba marejeo ya mapitio,
akaomba muda wa kuomba nje ya muda,
akamshtaki mchapaji aliyeandika "Lubisha".
Alizishtaki mbaazi. Naapa. Jalada la kumi na tisa:
"zinazoinamia upande wangu kwa dharau."
Mwaka mmoja akanishtaki mimi,
kalamu yangu ilikauka katikati ya jina lake.
Siku hiyo nilimchemshia chai.

Tulicheka, sikatai. Masjala bila kicheko ni kaburi la karatasi.
Lakini Sikujua hakucheka.
Kila hati ya wito ilikuwa mbuzi.
Asali aliyoiweka kwa ajili ya bati la jikoni
ililiwa na wakili, debe baada ya debe.
Mvua za kwanza, wenzake wameshika majembe,
yeye kashika namba ya shauri,
kakaa kwenye benchi la korido, kiatu kimoja kimevuliwa,
akingoja kuitwa, akingoja kuahirishwa.
Alishinda mara arobaini.
Umewahi kuona mtu anashinda hivyo huku anakonda?

Jalada la arobaini na moja hakulifungua Mihayo.
Lilifunguliwa juu yake.
Jaji aliyasoma yote siku tatu,
akayapanga sakafuni kwa sababu meza ilikataa.
Hakupandisha sauti:
"Mlango wa mahakama haufungwi.
Ila anayesimama kizingitini miaka yote
huwazuia wenye shida ya kuingia."
Kisha amri, mistari minne tu:
asifungue shauri lolote, katika mahakama yoyote,
juu ya hatua zile au kitu chochote kilichozaliwa nazo,
pasipo kwanza kupata ruhusa ya Jaji
kwa maandishi.

Sikujua aliomba nakala mbili.
Moja ya sanduku la nguo.
Ya pili akaitia plastiki, akaipigilia misumari ukutani,
inatazama upande wa Lubasha.
Sijui kama Mihayo huisoma. Mbaazi zimeota mbele yake.

Jumatatu, saa mbili kasorobo, huyu hapa dirishani,
mfuko wa sukari, kofia mkononi.
"Nipe fomu ya kuomba ruhusa."
Nikampa. Ni haki yake, amri yenyewe inasema.
Akaandika jina, akaandika mtaa, mwandiko wa shule ya zamani,
akafika kwenye "sababu za maombi"
na kalamu ikasimama.

"Pale," akasema, "nilitaka kumjengea Shija chumba."
Nikauliza Shija yuko wapi.
"Kahama. Ana nyumba yake, ina vyumba vinne."
Akaitazama fomu kama mtu aliyetumiwa barua ya jirani.
Akaikunja. Akaikunjua.
"Nipe nyingine, hii nimeiharibu."
Haikuwa na doa. Nikampa nyingine.

Treni ya Mpanda ikapita,
mihuri ikatikisika yote mezani,
na hakuna hata mmoja uliogusa karatasi.